Ukuta Ulioninyooshea

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Mama mguu umepungua kuvimba, anakwenda mpaka getini na kurudi, hatua sabini na mbili. Nahesabu mimi, yeye hahesabu. Ndiye aliyesema nikuandikie, nisikupigie, maana tukipigiana simu tunakatiana. Kiwandani mashine ya pili imepona, sasa tunatoa matofali elfu moja mia nane kwa siku, na wafanyakazi wangu tisa bado ni tisa. Mkeo na watoto hawajambo?

Nije kwenye jambo lenyewe. Mteja mmoja alikuja juzi kuchukua matofali mia tatu, akanifunulia gazeti usoni. "Mama, huyu si mdogo wako?" Kurasa mbili nzima, picha za rangi: maonyesho ya watu wazima wanaojenga kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea. Nilicheka. Watu wazima ishirini na watatu, wana vitambi na mvi, wamesimama nyuma ya meza kama watoto wanaosubiri kugawiwa zawadi.

Halafu nikaacha kucheka, maana kazi ni kazi, na mimi kazi naijua. Yule daktari wa meno aliyejenga stesheni ya treni, nimelitazama paa lake kwa kioo cha kukuzia. Mabati yale ni vipande vya uzio vilivyolazwa, au nimekosea? Na yule dereva wa lori mstaafu na soko lake la samaki, mizani inapanda na kushuka, kila samaki na jicho lake! Mtu wa subira kama ile ningempata hapa, ningempa usimamizi kesho asubuhi.

Kisha nikafika kwako. Nyumba yetu. Vipande elfu sita mia tatu na kumi na viwili, kozi thelathini za ukuta, safu juu ya safu, kama zilivyo kweli. Mfereji wa maji ya mvua umeutengeneza kwa mikono ya wanasesere iliyoshikana, mkono kwa mkono. Nimehesabu arobaini na mmoja. Kwenye mlango wa mbele umeweka hata ule ubao mmoja uliobadilishwa, rangi yake imepishana kidogo na mingine. Nilivuta kiti nikakaa. Nilisema peke yangu: huyu mtoto ana jicho.

Halafu nikasoma kadi. "Nyumba aliyoijenga baba yetu kwa mikono yake, tofali kwa tofali." Na gazeti linasema maktaba kuu imeiomba, itawekwa ndani ya kioo ukumbini tarehe 12 Juni, na maneno hayo hayo yatachongwa kwenye shaba. Kwenye shaba!

Kadi hiyo ni ya uongo. Itoe. Halafu ukuta wa jikoni. Mwaka juzi ulikuja na futi yako ukapima nyumba nzima, ukapanda mpaka darini. Tumbo la ukuta ule uliliona. Kwenye picha umenyooka kama rula. Nani alikutuma uninyooshee ukuta?

Ni mimi dada yako.


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, mwambie nafurahi kwa habari za mguu. Hapa wote wazima. Mkubwa ameanza kuvaa miwani, nimempima mwenyewe dukani, akalia kwamba baba yake ndiye aliyemharibu macho. Mke wangu anasalimia.

Barua yako niliiweka kabatini kwanza, maana ningeijibu siku ile ile tusingesemeshana mpaka mwakani.

Umenisifu mistari kumi halafu ukaniita mwongo. Nimejenga nyumba ile miezi kumi na tisa, kwenye meza ya kulia chakula, familia yangu ikila magotini. Unauliza habari za tumbo la ukuta. Nililiona, ndiyo. Tumbo lile ni la ardhi. Udongo ulikaa baada ya nyumba kwisha. Baba asingejenga ukuta wa namna ile hata angefumba macho. Sikutaka mtu asimame mbele ya kioo aseme, kumbe fundi mwenyewe ndiye huyu. Nilinyoosha kwa heshima.

Isitoshe, vitofali vyetu havijui kupinda. Kila kimoja kina vinundu juu, na cha juu yake kinakaa kwenye vinundu au hakikai kabisa. Ipo mbinu ya kusogeza kwa nusu kinundu, yule daktari wa meno ndiye bingwa wake, watu husafiri kuja kuona anavyofanya. Lakini nitumie wiki tatu kujenga kasoro ya nini?

Dada, nadhani kinachokuudhi si kadi. Wewe ulikaa na baba, mimi nilikuwa mbali. Hukupenda vitabu, ukaacha shule, ukabaki nyumbani, ukampata kila siku mpaka mwisho. Mimi nina hiki kimoja tu nilichomfanyia. Wewe unatoa matofali elfu moja mia nane kwa siku na yote yanafanana. Niachie hili langu.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo. Mama hajambo. Umechukua siku arobaini na tisa kunijibu, na ndani yake ukapata nafasi ya kunifundisha mimi habari za udongo.

Udongo haukukaa. Udongo ukikaa, ukuta unapasuka kuanzia chini na ufa unapanda kama ngazi. Ule hauna ufa hata mmoja. Tumbo linaanza kozi ya kumi na mbili, linatoka upana wa dole gumba kufikia kozi ya kumi na nne, halafu linarudi ndani taratibu mpaka kozi ya kumi na tisa. Najua kwa sababu uzi wa kunyooshea ukuta ulilegea nikiwa nimeufunga mimi. Niligundua niko kozi ya kumi na tano, saruji imeshashika, na hatukuwa na mfuko mwingine wa kubomoa na kuanza upya. Basi nikaurudisha kidogo kidogo, kozi tano, kila kozi natukanwa.

Baba alijenga msingi na kozi kumi na moja. Ya kumi na moja hakuimaliza. Yalibaki matofali sita kufika pembe ya jikoni. Alianguka na mwiko mkononi. Kiharusi, upande wote wa kulia. Toka siku ile hakushika tofali tena. Kozi ya kumi na mbili mpaka ya thelathini, linta ya zege juu ya milango na madirisha, vizingiti, pembetatu mbili za paa, zote ni mimi. Matofali elfu nne mia moja na themanini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, umebaki muhula mmoja nifanye mtihani. Vitabu nilivipenda kuliko wewe, na maksi zangu zilizidi zako, muulize mama. Baba aliketi uani akinielekeza kwa mkono wa kushoto na kwa matusi.

Siku uliyokuja kumzika ulizunguka nyumba ukizipapasa kuta. "Iangalieni mikono ya baba," uliwaambia wajomba. Ulipapasa ukuta wangu, mimi nimesimama hatua mbili nyuma yako na ndoo ya maji ya wageni. Nilinyamaza. Miaka ishirini na sita nimenyamaza. Lakini shaba siinyamazii.

Badilisha kadi.

Dada yako.


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nililelewa, si kwa sababu inatoka moyoni.

Nimekaa na barua yako siku nyingi, na sasa najua kwa nini ilinichoma kuliko ya kwanza. Si ukuta. Ninazo barua kumi na nne za baba za miaka ile nilipokuwa mafunzoni kusomea upimaji wa macho. Nimezihamisha nyumba tano, ziko kwenye bahasha ya plastiki zisile unyevu. "Leo nimefika linta." "Leo nimepandisha mbao za paa." "Mgongo unaniuma kidogo lakini kazi inakwenda." Mtu aliyepooza mkono wa kulia!

Jana nilizitandaza kwenye meza, nikaweka yako ya Aprili pembeni. Uliiga mwandiko wake vizuri, hata ule mkia wa herufi ya mwisho. Lakini ukijua, unaona. Mimi kazi yangu ni macho. Kila siku namwambia mtu, jaribu hii, sasa unaona? Na miaka ishirini na sita nimesoma mwandiko wa dada yangu nikaamini ni baba.

Mliniambia aliugua ghafla, siku tatu tu. Kumbe, nikihesabu kwa umri wako, aliugua miaka miwili na miezi minne, na mimi nilikuwa kule nasoma habari za mbao za paa na kuwasimulia wenzangu bwenini, baba yangu simba, anajenga peke yake. Ningerudi. Ningemwogesha. Ningemsikia akinitukana na mimi. Wewe unalilia ukuta, dada. Mimi mmenipokonya baba, mkanipa insha zako.

Sitaki maelezo. Nijibu hili tu: katika hizo kumi na nne, ipo hata moja iliyo yake?


24 Mei

Mdogo wangu,

Ningerudi, ningerudi! Ndiyo sababu hukuambiwa. Ungerudi ukaacha mafunzo, tukawa wawili uani bila cheti hata kimoja, na baba akafa akiwa amekula hasara mbili badala ya moja. Yeye ndiye aliyekataza. Alisema kwa mdomo uliopinda, ikabidi arudie mara tatu ndipo tumwelewe. Mama alilia. Mimi nikapewa kalamu.

Unadhani nilifurahia? Siku ya linta nilimwaga zege mimi, ndoo sitini na nane, napanda ngazi nashuka. Jumapili nikakaa, viganja vimetoka malengelenge, nikaandika "leo nimefika linta" kwa niaba ya mtu mwingine. Nilitaka sana kuandika "mimi". Neno dogo kiasi hicho. Wewe ukajibu, mpe baba hongera. Nikampa. Halafu chini ukaongeza, na dada mwambie apunguze uvivu amsaidie baba japo kuchota maji. Nikamsomea hilo pia. Alicheka upande mmoja wa uso, mpaka machozi.

Hiyo miwani unayouza, duka hilo, hao watoto wanaolia wakipimwa macho, vyote vimesimama juu ya barua zile. Siombi shukrani. Naomba usinichonge nje ya nyumba niliyoijenga.

Swali lako silijibu kwenye karatasi yenye hasira hii. Wewe jibu langu kwanza. Kadi inabadilika au haibadiliki? Zimebaki siku kumi na tisa.

Dada yako.


31 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama namsalimu. Sanduku hili linakuja pamoja na barua, ulipokee mwenyewe.

Kadi haibadiliki. Nimebadilisha nyumba.

Jana Jumamosi nilikwenda chumba cha chama chetu cha wajenzi wa vitofali nikaibomoa, kuanzia kozi ya kumi na mbili kwenda juu. Kwenye ya kumi na moja nimetoa vitofali sita, upande wa pembe ya jikoni. Hakuna linta, hakuna paa, hakuna mfereji. "Nyumba aliyoijenga baba yetu kwa mikono yake, tofali kwa tofali." Sasa kadi inasema kweli, au siyo? Watakaoitazama wataona kuta ambazo kwenye nyumba halisi zingewafika kiunoni.

Wenzangu waliacha kazi zao wakanizunguka. Dereva wa lori alitoka nje. Daktari wa meno alinishika bega akaniuliza, mzee, una homa? Mtu anapobomoa kazi ya miezi kumi na tisa, kwetu ni kama msiba. Mama wa maktaba alikasirika, akasema aliahidiwa nyumba, siyo gofu. Nikamwambia hiyo ndiyo nyumba. Mwishowe amekubali.

Vilivyobaki viko kwenye sanduku. Vipande elfu tatu mia sita na vinne, vyako wewe. Fundi ni wewe, haya, jenga. Usiniulize namna.

Na swali langu liko pale pale.


5 Juni

Mdogo wangu,

Sanduku limefika. Nililifungulia ofisini kwangu kiwandani, na wale tisa wote wakajazana mlangoni. Msimamizi wangu, yule tunayemwita Sentimita, alichukua kimoja akakigonga na ukucha. "Bosi, haya yanamwagiliwa siku ngapi?" Nikawafukuza. Halafu nikahesabu. Vipande elfu tatu mia sita na kimoja. Umekosea vitatu. Nimehesabu mara mbili.

Nimejaribu siku mbili. Nilisema moyoni, kama kweli nilisimamisha ukuta, plastiki itanishinda nini? Imenishinda. Kidole changu ni kinene kuliko tofali lenyewe. Pembe moja nimeifumua mara saba. Kitu hakina saruji ya kuficha kosa. Ukikosea kozi ya kwanza, unalipia ya tisa. Nilimtukana daktari wa meno, nikamtukana na dereva wa lori na soko lake, halafu jana mchana nikajikuta nawaheshimu. Wewe pia. Usivimbe kichwa. Miezi kumi na tisa nimeielewa sasa, na nimeelewa ilikugharimu nini kuibomoa kwa siku moja. Ulifanya hivyo kunikomoa na umenikomoa.

Nakuja. Siji kukusalimia. Nafika Alhamisi tarehe 11 na sanduku langu, naomba mama wa maktaba asifunge kioo. Nitajenga palepale, juu ya kozi za baba, nianze na matofali sita yaliyobaki. Ukuta wa jikoni utakuwa na tumbo, upana wake kamili. Mwite huyo bingwa wa nusu kinundu aje anionyeshe, na asinishike bega. Siku moja haitoshi, najua. Watasubiri. Nyumba ya kweli ilinichukua miezi kumi na minne na mvua ikinyesha ndani.

Sasa swali lako.

Barua ya tisa. Chini kabisa kuna mstari uliofutwa kwa wino mzito. Uliwahi kuuliza, baba anaficha nini, na nikakujibu kwa mwandiko wake kwamba kalamu ilivuja. Mstari ule ni wake. Aliniomba kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto, na muda alioutumia ungetosha kuchanganya karai zima la saruji. Nilipousoma nikaona utakujulisha kila kitu, utapanda basi siku hiyo hiyo. Nikaufuta mbele yake. Aliniangalia nikifuta mpaka mwisho. Kila siku alinitukana kwa kosa la nusu kidole. Siku ile hakusema neno.

Ni maneno manne. Sitayaandika hapa, yatakuwa tena mwandiko wangu. Geuza karatasi uyatafute kwa nyuma. Alikuwa akikandamiza kalamu kama anachonga mti.

Dada yako.


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi. Hii naituma kwa dereva wa basi la jioni, ikuwahi kabla hujapanda.

Niligeuza karatasi palepale dukani, dirishani, mteja ameketi na miwani ya majaribio puani. Nikapitisha penseli juu yake polepole, nikashika kioo cha kujitazamia wateja, maana kwa nyuma herufi zimegeuka, nikaisoma. Herufi zimelewa, moja imepanda juu ya nyingine. Lakini zinasomeka.

Fundi ni dada yako.

Mteja aliniuliza kama nahitaji kupimwa mimi kwanza, kwa nilivyokuwa nafuta macho.

Nimeifungia karatasi ile kwenye kioo nikaipeleka maktaba mwenyewe. Maneno yangu yametolewa yote. Shaba itachongwa kwa mwandiko wa baba, ulivyopinda vile vile, na mchongaji ameahidi kutonyoosha hata herufi moja. Nimesimama naye mpaka akaapa.

Usije ukidhani yamekwisha. Nina hasira na wewe, nina hasira na mama aliyekubali, nina hasira na baba aliyeagiza, na yeye hayupo nimpelekee. Alhamisi utanikuta nazo zote. Tutagombana ukijenga. Daktari wa meno atakuwepo, nimemwambia akae mbali nawe hatua mbili.

Na vipande ni elfu tatu mia sita na vinne. Hesabu tena.

Mdogo wako, ambaye hajakusamehe. Kituoni nitakuja mimi mwenyewe. Usichukue mchukuzi, lile sanduku nitalibeba.